Bunduki ya zamani ya marisau inayojipakia yenyewe: maganda yanakwama dirishani

Mama Shamba, Hombolo

Ndugu wanajukwaa, mbukwenyi.

Ninaomba ushauri kuhusu bunduki ya marisau ya geji 12, aina ya Browning Auto-5 iliyotengenezwa na kiwanda cha FN nchini Ubelgiji, ambayo marehemu baba yangu aliitumia kwa miaka mingi katika ulinzi wa shamba letu la zabibu na zizi la mifugo. Mirathi imekwisha kukamilika, umiliki umehamishwa kwa utaratibu wa polisi, na leseni ya sasa ina jina langu pamoja na namba ya silaha yenyewe, kwa hiyo upande huo hauna shaka.

Shaka yangu iko kwenye utendaji. Nilipoipeleka mahali palipoidhinishwa kwa kulenga shabaha, niliona kwamba nikitumia risasi nyepesi, zile zenye gramu 28 za marisau, ganda lililotumika hutoka nusu tu, kisha komeo (kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) hurudi mbele na kulibana dirishani, yaani kwenye tundu la ubavuni la kutolea maganda. Na mara nyingine ganda hubaki ndani ya chemba, ile sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi, bila kutoka kabisa. Nikitumia risasi za gramu 36 hali huwa nafuu, kwa maana kwamba mara nyingi ganda hutoka na risasi inayofuata hupanda, ila komeo husita kabla ya kufunga, hata nalazimika kulisukuma kwa kiganja. Kishikio cha mbele cha mbao kina ufa wa zamani uliozibwa kwa gundi, nami sijui kama ufa huo unahusiana na tatizo hili.

Fundi wa mashine za kusaga hapa kijijini alinieleza kwamba springi imechoka, na kwamba angeweza kuikata kidogo ili irudi kufanya kazi. Sikumruhusu aiguse. Je, hizi ni dalili za springi kuchoka? Na kama sivyo, nianze kuchunguza wapi kabla ya kusafiri nayo hadi kwa fundi wa silaha mwenye leseni, ambaye kwa huku kwetu hapatikani kirahisi?

Kijana wa Manyoni

Shikamoo mama. Pole kwa usumbufu huo.

Mjomba wangu ana Remington 1100 ambayo ilisumbua kwa namna inayofanana na unayoieleza. Tatizo lilikuwa kwenye matundu mawili madogo yaliyo chini ya mtutu, yanayopitisha gesi ya baruti ili isukume pistoni. Yalikuwa yamezibwa na masizi. Vilevile kuna pete ya mpira inayozunguka bomba la risasi (lile lililo chini ya mtutu, la kuwekea risasi za akiba), ambayo joto na umri huikausha hadi ikakatika, na ikishakatika gesi huvuja na bunduki haijipakii tena. Tulizibua matundu, tukaweka pete mpya, na tangu hapo inafanya kazi vizuri. Ningeshauri uanze na matundu hayo, kisha upake grisi ya kutosha sehemu zote zinazosuguana.

Fundi Mstaafu, Dodoma Mjini

Mama Shamba, nakusalimu. Nimefanya kazi katika karakana ya silaha yenye leseni kabla ya kustaafu, na bunduki za aina yako nimezifungua nyingi.

Nianze na aliyotangulia kusema kijana wetu wa Manyoni. Maelezo yake ni sahihi kwa bunduki ya mjomba wake, lakini hayaihusu yako. Remington 1100, iliyoingia sokoni mwaka 1963, huendeshwa kwa gesi. Auto-5 haina tundu la gesi wala pistoni wala pete ya mpira. John Browning alipata hataza za muundo wake mwaka 1900, FN wakaanza kuitengeneza mwaka 1902, na katika muundo huo kinachofanya kazi ni msukumo wa risasi kurudi nyuma. Risasi inapolipuka, mtutu na komeo hurudi nyuma pamoja vikiwa vimefungana, umbali unaozidi urefu wa risasi nzima. Vikifika mwisho, komeo hushikwa huko nyuma na mtutu hutangulia kurudi mbele peke yake. Kwa kuwa kucha za komeo zimelishika ganda, mtutu unapoondoka ganda hubaki nje ya chemba na kutemwa dirishani. Baada ya hapo ndipo risasi mpya huinuliwa, komeo huachiwa, nalo huiingiza chemba na kufunga.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu yanakupa njia ya kujua hitilafu iko hatua ipi, na bila kujua hatua, kununua vipuri ni kubahatisha. Ndani ya bunduki hii kuna springi kubwa mbili zenye kazi tofauti. Ya kwanza imezunguka bomba la risasi chini ya kishikio cha mbao, na kazi yake ni kuurudisha mtutu mbele. Ya pili imefichwa ndani ya kitako, na kazi yake ni kulirudisha komeo. Malalamiko yako ni mawili, ingawa umeyaandika kama moja: ganda kubanwa au kutotoka ni jambo la mtutu kutofika nyuma vya kutosha, na komeo kusita kabla ya kufunga ni jambo la springi ya kitako.

Sasa tazama ushauri wa yule fundi wa mashine za kusaga. Springi ya mtutu ikichoka, mtutu hurudi nyuma kwa urahisi zaidi, si kwa shida zaidi. Bunduki hupiga teke kali na vyuma hugongana nyuma kwa nguvu. Bunduki yako inafanya kinyume: inashindwa kurudi kwa risasi nyepesi na kufanikiwa kwa risasi nzito. Hiyo si springi iliyochoka. Kuikata kungeweza kuficha dalili kwa muda, kisha kukuachia bunduki inayojivunja yenyewe. Ulifanya vema kukataa.

Kinachozuia mtutu wa Auto-5 kurudi nyuma, mbali na springi, ni breki. Mbele ya springi ile kuna pete ya shaba nyeusi iliyopasuliwa, ambayo hulibana bomba la risasi mtutu unaporudi, na pamoja nayo kuna pete ya chuma ambayo upande mmoja wa ndani umechongwa mshazari. Kwa risasi nzito, pete ya chuma huwekwa mbele, kati ya springi na pete ya shaba, mshazari ukiielekea shaba. Mtutu ukirudi, mshazari huikamua shaba nayo hulikaza bomba. Kwa risasi nyepesi, pete ya chuma huondolewa pale na kuwekwa nyuma kabisa, kati ya springi na mwili wa bunduki, ili shaba iguse springi moja kwa moja na breki ipungue. Wengi waliorithi bunduki hizi hawajui kwamba mpangilio huu upo, kwa hiyo bunduki iliyopangwa kwa risasi nzito hulishwa nyepesi, kisha huitwa mbovu. Nakisia kwamba yako iko hivyo. (Kama mtutu wako ni wa magnamu, yaani wa risasi ndefu zenye nguvu zaidi, wenye chemba ya milimita 76, mpangilio wake wa pete ni tofauti na haya niliyoandika, kwa hiyo thibitisha kwanza.)

Ufa wa kishikio nao una habari yake. Mbao ile hupasuka pale breki inapokuwa hafifu kuliko risasi: pete ikiwa nyuma huku risasi nzito zikitumika, bomba likiwa limelowa mafuta, pete ya shaba ikiwa imevunjika, au kifuniko cha mbele kikiwa hakijakazwa hadi mwisho. Huenda mtu aliyeona mbao imepasuka ndiye aliyeihamishia pete mbele, na hakukosea kwa risasi alizokuwa akitumia.

Naomba ufanye uchunguzi huu, ambao ni sehemu ya usafi wa kawaida wa mmiliki na hauhitaji kufungua kitako. Ondoa risasi zote, angalia chemba kwa macho na upapase kwa kidole, halafu angalia tena bomba la risasi; risasi zenyewe ziwe chumba kingine. Komeo likiwa limefungwa, simamisha mdomo wa mtutu juu ya kipande cha ubao sakafuni, kichwa chako kikiwa pembeni, na usukume bunduki chini hadi mtutu ufike mwisho wa safari yake, kisha uiachie polepole. Mtutu unapaswa kwenda na kurudi bila kukwaruza wala kusimama njiani, na komeo libaki nyuma. Ukibonyeza kitufe cha upande wa kulia kuliachia komeo, weka vidole mbali na dirisha, kwa maana linafunga kwa nguvu ya kuvunja ukucha. Likifunga kwa uvivu, springi ya kitako ina uchafu au kutu.

Kisha rudisha komeo nyuma lishikwe, sukuma mtutu nyuma kidogo ili springi isikurukie, fungua kifuniko cha mbele, toa kishikio na mtutu, na uandike mpangilio wa pete kama ulivyoukuta kabla ya kugusa kitu. Picha ya simu inatosha. Utueleze pia bomba la risasi lina hali gani: limekauka, lina kutu, au lina mafuta mazito. Mwisho, soma alama zilizogongwa kwenye mtutu karibu na chemba, na usome maandishi ya boksi la risasi zako.

Mlinzi wa Zamani, Kondoa

Nakubaliana na Fundi, nami niongeze jambo moja kuhusu ile grisi iliyopendekezwa hapo juu, kwa kuwa nimewahi kusimamia ghala la silaha za kampuni ya ulinzi katika mikoa hii ya kati na nimeona madhara yake.

Vumbi la Dodoma na Singida wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi mvua zinapoanza, ni laini mno na hupenya hata ndani ya mfuko wa bunduki uliofungwa. Likikutana na grisi hugeuka kuwa msasa. Grisi ya pikipiki na oili ya injini zina mahali pake, lakini mahali hapo si ndani ya bunduki. Safisha masizi na mafuta yaliyoganda kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo na brashi ya shaba, kausha kabisa, halafu pitisha kitambaa chenye tone la mafuta mepesi ya silaha. Kwa Auto-5 jambo hili ni la lazima, kwa sababu bomba la risasi ndilo sehemu ambayo breki inasugulia. Likilowa mafuta, breki huteleza na mbao hupasuka. Likiwa kavu lenye kutu, mtutu hugoma kurudi. Utando mwembamba tu, kiasi kwamba kidole kikipita kisibaki na unyevu wa kuonekana.

Na bunduki ikishasafishwa, iachwe kwa muda ikiwa imeinamishwa mdomo chini. Zile zilizosimamishwa kabatini kwa kitako miaka nenda miaka rudi mafuta yake yote huteremka kwenye bomba la springi ya kitako, yakaganda huko, na mbao ya kitako ikanywa mafuta hadi ikaoza pale inapoungana na chuma. Nimeona vitako vilivyokuwa vyeusi kwa ajili hiyo, na wenye navyo wakidhani ni rangi ya mti.

Mama Shamba, Hombolo

Nashukuru sana, Fundi, nawe Mlinzi, pamoja na kijana wangu wa Manyoni. Marahaba, na umsalimie mjomba.

Nimefanya kama nilivyoelekezwa, mume wangu akiwa ameshika taa na kuhakiki chemba pamoja nami. Pete ya chuma niliikuta mbele, mshazari ukiielekea shaba, yaani mpangilio wa risasi nzito, kama ulivyokisia. Pete ya shaba ni nzima na springi yake ndogo ya kuzunguka ipo. Bomba lilikuwa na utando wa kahawia uliokauka kama gamba, nami nimeuondoa kwa mafuta ya taa. Baada ya usafi, mtutu unakwenda na kurudi kwa ulaini ambao haukuwapo. Komeo bado linafunga kwa uvivu, na kitako ni cheusi kweli karibu na chuma, sikukifungua.

Lakini kuna jambo ambalo limenitia wasiwasi. Kwenye mtutu kuna alama ya duara la yai lenye herufi ELG na taji juu yake, na pembeni yake nasoma 12 ikifuatiwa na 65. Boksi za risasi zangu zote, nyepesi na nzito, zimeandikwa 12/70. Risasi hizi huingia chemba bila shida yoyote, kwa hiyo sikuwahi kufikiri kwamba zina kasoro. Je, tofauti hii ina maana? Na kama ina maana, chemba haiwezi kurefushwa?

Fundi Mstaafu, Dodoma Mjini

Mama, ina maana kubwa, na naomba usiipige tena bunduki hiyo kwa risasi za 70 hadi ipimwe.

ELG yenye taji ni alama ya nyumba ya majaribio ya silaha ya Liège, Ubelgiji, na 65 ni urefu wa chemba kwa milimita. Bunduki nyingi za Ulaya za zamani zilichimbwa chemba ya 65. Ya 70 ndiyo iliyokuja kuwa ya kawaida baadaye, na ndiyo risasi unayouziwa leo bila kuulizwa. Kinachowadanganya watu ni kwamba urefu unaoandikwa kwenye boksi ni wa ganda likiwa limefunguka baada ya kupigwa. Risasi ya 70 ambayo mdomo wake umekunjwa kwa mikunjo ya nyota ina urefu wa takribani milimita 58 kabla ya kupigwa, kwa hiyo inaingia kwenye chemba ya 65 na nafasi inabaki. Inapolipuka, mikunjo hufunguka, na ncha ya ganda hujikuta imeingia pale ambapo chemba huanza kupungua kipenyo. Njia ya marisau inabanwa na shinikizo linapanda kupita lile ambalo mtutu ulijaribiwa nalo.

Hii ndiyo sababu nyingine ya maganda yako kubaki chemba: mdomo wa ganda umekwama kwenye ule mbano. Na ndiyo sababu nyingine ya kubanwa dirishani, kwa kuwa dirisha la bunduki iliyokusudiwa risasi fupi nalo ni fupi, na ganda la 70 lililofunguka halipati nafasi ya kugeuka na kutoka. Chukua maganda uliyokwisha kupiga, ukiwa umeyahifadhi, na utazame midomo yake; ikiwa imechanika, imechakaa au imekunjamana kwa ndani, utakuwa umepata ushahidi wa kumwonyesha fundi.

Kuhusu kurefusha chemba, kazi hiyo hufanyika duniani, lakini kwa Auto-5 haiishii kwenye mtutu. Dirisha na sehemu nyingine za mwili wa bunduki hutakiwa kubadilishwa pia, na mtutu uliochongwa unapaswa kujaribiwa upya kwa shinikizo kabla ya kurudishwa kwa mwenyewe. Kwa bunduki ya umri huo, ambayo unene wa kuta za mtutu wake haujapimwa, mimi nisingeifanya, na ningemtilia shaka fundi atakayekubali haraka. Kumbuka pia kwamba, kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ukarabati wa silaha ni kazi ya mwenye leseni. Usafi wa nyumbani na kupanga pete ni vyako. Kuchonga chuma si kwako wala si kwa fundi wa mashine.

Ukifika kwa fundi wa silaha, mwombe kwanza apime chemba kwa kipimo chake na asiridhike na alama peke yake, kwa sababu inawezekana mtu aliyetangulia aliirefusha zamani na alama ikabaki ileile. Jibu la kipimo hicho ndilo litakaloamua yote yanayofuata. Likiwa 65, utamwomba muuzaji wa risasi mwenye kibali akuagizie za 65 zenye mzigo mwepesi, na pete ya chuma utaihamishia nyuma. Likiwa 70, na dirisha nalo limerekebishwa, endelea na risasi zako ukihamisha pete kulingana na uzito wa risasi. Katika hali zote mbili afungue kitako, asafishe bomba la springi ya pili, na aangalie kama kipande cha nyuzi ngumu kinachopokea pigo la komeo nyuma ya mwili wa bunduki bado kipo. Kwa bunduki iliyowahi kupasuka kishikio, hicho ndicho huwa kimepondeka. Springi mpya zisubiri hadi hayo yaishe, na zikinunuliwa ziwe mbili, ya mbele na ya kitako.

Kijana wa Manyoni

Fundi, shikamoo, na asante kwa kunisahihisha. Nauliza kwa niaba ya mjomba: hiyo Remington 1100 nayo inaweza kuwa na chemba ya 65?

Fundi Mstaafu, Dodoma Mjini

Marahaba kijana. Remington 1100 ya geji 12 ni ya chemba ya milimita 70, na ile ya magnamu ni ya 76. Urefu umeandikwa kwa inchi upande wa mtutu, yaani 2¾ au 3. Ila mwambie mjomba aifute ile grisi.